Pikipiki Iliyopigwa Msasa

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi mawingu mazito, upepo wa baridi, mvua bado.

Nimefika jimbo hili jana jioni. Nitaandika kila siku ili mambo yasinichanganye.

Juzi Jumamosi, saa nne asubuhi, kaka yangu alikuwa anakuja huku na pikipiki yake kuezeka ghala la mtu. Ni fundi paa tangu kabla sijamaliza shule. Kilomita kumi na mbili baada ya kuvuka mpaka wa jimbo, lori la kusambaza maji ya chupa lilimgonga kwa nyuma. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, mifupa yote miwili, na mmoja ulitokeza nje.

Wodi ya wanaume namba tatu, kitanda cha kumi na nne. Nilipoingia alikuwa anatazama dari.

"Mdogo wangu, unaliona lile doa? Wamepigilia misumari kwenye bonde la bati. Msumari unapigwa mgongoni. Mvua ikianza, kitanda cha kumi na sita kitaogelea."

"Mguu unauma?"

"Mguu ni wa daktari. Mimi nakwambia habari za bati."

Kadi yake ya matibabu haifanyi kazi nje ya jimbo letu. Karani wa hospitali ameigeuza mbele na nyuma akanirudishia. Kaka amesema angejua angejitahidi kugongwa kilomita kumi na tatu nyuma.

Nimepata chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Kitanda, ndoo, meza moja yenye mguu uliotiwa kipande cha tofali. Dirisha linatazama tangi la maji la jirani. Kinatosha.

Jumanne, 5 Machi. Mvua ya kwanza, saa tisa alasiri.

Kitanda cha kumi na sita kimehamishwa. Kaka amelala akitabasamu.

Jumatano, 6 Machi. Mvua tangu alfajiri.

Daktari wa mifupa ni mwanamke mfupi anayeongea huku anaandika. Amenieleza hivi: vyuma vilivyochomeka nje ya mguu ni vya kushikilia tu. Kidonda kikitulia, lazima mguu ufunguliwe, uwekwe chuma cha ndani. Upasuaji huo hospitali haiufanyi bila barua ya dhamana kutoka bima ya lori, au malipo yote taslimu.

"Nina muda gani?"

"Wiki sita. Nane, ukijaliwa. Baada ya hapo sitazungumza habari za kuunga."

"Utazungumza habari za nini?"

Akafunga faili.

Alhamisi, 7 Machi. Mvua asubuhi, jua kidogo mchana.

Ofisi ya bima iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Nimepewa orodha ya hati tisa. Nimechora jedwali: hati, inatoka wapi, nani anasaini, siku niliyoomba, siku niliyopata. Nimekuwa karani wa ghala la mbegu kwa miaka kumi na tisa na sijawahi kupoteza hati. Hii nayo nitaimaliza.

Jioni dereva wa lori amekuja wodini. Nilidhani nitamkuta mtu mkubwa. Ni mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, ameleta sabuni na taulo jipya. Amepiga magoti kando ya kitanda.

"Kaka, nisamehe. Nilikuwa natafuta njia simuni. Nilipoinua macho ulikuwa umeshakuwa mbele yangu."

Kaka akamwambia, "Inuka bwana, sakafu ina maji."

Nilipenda kwamba alikuja. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku ya leo.

Ijumaa, 8 Machi. Mvua. Hati mbili kati ya tisa.

Jumatatu, 11 Machi. Mvua. Karani wa bima hayupo, njoo kesho.

Jumanne, 12 Machi. Karani yupo, mhuri haupo.

Jumatano, 13 Machi. Mvua kubwa usiku kucha, asubuhi ukungu.

Nimekwenda polisi kuchukua nakala ya taarifa ya ajali. Askari alipiga picha moja tu ya pikipiki, ya mbele, kwa kuwa nyuma kulikuwa na matope na viatu vyake vilikuwa vipya. Kanionyesha pikipiki yenyewe uani. Inasikitisha. Maji yamefika katikati ya magurudumu. Madigadi ya nyuma imekunjika, keria imebonyea na ina mikwaruzo ya rangi ya bluu, taa ya nyuma haipo.

"Mama, ichukueni," askari akaniambia. "Sisi tumemaliza nayo. Ikikaa hapa hadi mwisho wa masika mtazoa kutu."

Siwezi kutazama kitu kikiharibika. Nikampigia mume wangu. Kwa bahati alikuwa na rafiki mwenye pikapu aliyekuwa anarudi kwetu kutoka huku. Kufika saa tisa pikipiki ilikuwa imefungwa kamba na kufunikwa turubai. Nimesaini kitabuni.

Kati ya yote niliyoanza tangu nije, hili ndilo la kwanza lililokwisha siku ileile.

Alhamisi, 14 Machi. Mvua. Dereva amekuja tena. Anajua kuukunja mto ukakaa vizuri chini ya mguu kuliko muuguzi.

Jumapili, 17 Machi. Manyunyu.

Mume wangu amepiga simu. Anasema anashughulikia pikipiki baada ya kazi, kaka asiambiwe, atakapotoka hospitali aikute imesimama. Anafanya kazi ya gereji tangu ana miaka kumi na sita, na kwake hakuna chombo kinacholala kibovu siku mbili kama vipuri vipo. Aliyemfundisha alikuwa hivyo, naye anawafundisha wengine hivyo. Nimelala nikimshukuru Mungu kwa mume.

Jumatano, 20 Machi. Hati saba kati ya tisa. Mkuu wangu wa kazi ameniongezea siku kumi na nne za likizo, zisizo na mshahara.

Jumamosi, 23 Machi. Mvua. Kidonda kinatoa maji. Daktari amebadilisha dawa.

Jumanne, 26 Machi. Hati tisa kati ya tisa. Nimezipeleka zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Karani wa bima amesema hajawahi kuona faili safi namna hii.

Alhamisi, 28 Machi. Asubuhi jua kali, mvua kuanzia saa sita.

Nitaandika polepole.

Saa tatu nimeitwa bima. Karani yule aliyelisifu faili langu hakuniangalia. Amenisomea maelezo ya dereva kama yalivyoandikwa polisi siku ya ajali: "Nilikuwa nakwenda mwendo wa kawaida. Mwendesha pikipiki alinipita kushoto, akageuka ghafla, akaingia ubavuni mwangu."

Nikamwambia hayo si ya kweli, dereva mwenyewe kila Alhamisi anaomba radhi kitandani.

"Anaiomba kwa maandishi?"

Akasema, bila ubaya, kwamba jambo hili halina ugumu. Lori lilishapakwa rangi upya na kampuni, lakini pikipiki iliyogongwa kwa nyuma inajieleza yenyewe. Mkaguzi wao ataitazama wiki ijayo.

Nilishuka ngazi. Nikaenda kwa wakili ambaye muuguzi alinielekeza. Ofisi yake ina meza moja, kiti cha mteja na kabati lisilofunga. Ni mzee, anasikiliza macho yamefumba. Nilimweleza yote kwa mpangilio. Alipofumbua macho aliuliza swali moja.

"Pikipiki iko wapi?"

"Kwa mume wangu. Ni fundi."

"Ni fundi wa nini?"

"Wa pikipiki."

Akavua miwani, akaiweka mezani. "Mama, mpigie sasa hivi. Mwambie asiiguse."

Nikapiga palepale, sauti nje, wakili anasikia. Mume wangu alipokea akiwa na furaha ambayo sijaisikia tangu ajali. Hakunipa nafasi.

"Nilitaka kukupigia jioni. Sikiliza. Nyamaza usikilize."

Akaiwasha. Injini ikanguruma mle ofisini, laini, bila kikohozi kile cha siku zote. Akaongeza mafuta, akapunguza, akaongeza. Nilisikiliza hadi mwisho. Wakili alikuwa anatazama dirishani.

"Unaisikia?" mume wangu akasema. "Shemeji hataitambua."

"Madigadi ya zamani iko wapi?"

"Ile? Nilimpa mnunuzi wa chuma chakavu tangu wiki iliyopita. Nimeweka mpya."

"Na keria?"

"Keria ni nzima, nimeinyoosha, nimepaka. Vipi, mbona sauti yako hivyo?"

Nikamwambia. Kisha nikasikia injini ikizimwa.

Nilimwonyesha wakili daftari hili, ukurasa wa tarehe 13, nilipoandika kuhusu madigadi na rangi ya bluu ya lori. Akasoma mara mbili.

"Umeandika vizuri sana. Lakini hili ni jicho lako, na wewe ni dada wa mdai. Picha je?"

Simu yangu ni kitochi, haipigi picha. Mume wangu anayo ya kupiga. Nimemuuliza. Ana picha kumi na moja, zote za baada ya kupaka rangi.

Saa kumi nimefika wodini nikamkuta dereva anakunja mto. Nilimwita nje, kwenye korido.

"Umemwambia kaka yangu nini, na umewaambia polisi nini?"

Hakujifanya haelewi. Akatazama vidole vyake.

"Dada, msimamizi wa kampuni alikuja kituoni kabla yangu. Karatasi niliikuta imeandikwa. Nina watoto wanne na leseni moja."

"Basi usije tena hapa."

"Nisipokuja nitalala vipi?"

Nilimwacha amesimama. Niliporudi kitandani kaka aliuliza mbona dereva hajaaga. Nikasema ana haraka.

Ijumaa, 29 Machi. Sikumbuki hali ya hewa.

Jumatatu, 1 Aprili. Mvua. Mume wangu amekwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu, amepekua siku tatu. Gari la kwenda kiwanda cha kuyeyusha lilipakia Jumanne iliyopita.

Alhamisi, 4 Aprili. Mvua nyembamba isiyokatika.

Mume wangu ameendesha pikipiki kwa muda wa saa sita kwenye mvua kuileta. Nilimkuta uani mwa bima anaifuta kwa fulana yake. Hatukusalimiana vizuri. Niliona mikono yake imevimba kwa kupekua vyuma, nikageuza uso.

Mkaguzi ni kijana mwenye adabu. Alizunguka pikipiki mara tatu, akachuchumaa nyuma, akapitisha kidole chini ya kiti, kwenye viungo, kwenye kila kona ambako uchafu wa zamani hujificha. Hakuna uchafu. Mwisho akatoa ufunguo mfukoni, akaomba ruhusa, akakwaruza rangi ya keria. Chini ya nyeusi kulikuwa na kijivu cha rangi ya msingi. Chini ya kijivu, chuma cheupe kinachong'aa.

"Ulipiga msasa kabla ya kupaka?"

"Rangi haishiki bila msasa," mume wangu akasema. "Nilianza na wa kukwaruza, nikamaliza na laini."

Mkaguzi akapitisha kidole gumba juu ya mkwaruzo wake, kama anayejutia kuuweka pale.

"Kazi safi," akasema.

Na mume wangu, kwa mazoea ya miaka thelathini ya kusifiwa na wateja, akajibu, "Asante."

Kisha akaelewa alichokijibu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Hata hivyo sikumsogelea. Naandika hili kwa aibu: nilifurahi kidogo kwamba limemuuma.

Ijumaa, 5 Aprili. Mvua.

Mume wangu alisukuma pikipiki hadi chini ya dirisha la wodi. Wagonjwa wenzake walimwinua kaka mabega aione. Ameitazama kwa muda.

"Hii si yangu. Yangu ilikuwa na kifua kikuu."

Wodi nzima imecheka. Mume wangu naye amecheka, akiwa amesimama kwenye mvua.

Jumanne, 9 Aprili. Mvua. Homa nyuzi thelathini na tisa.

Jumatano, 10 Aprili. Homa.

Alhamisi, 11 Aprili. Homa imeshuka. Dereva amekuja. Nilikuwa nimechoka mno, sikumfukuza.

Jumatatu, 15 Aprili. Mawingu, hakuna mvua, joto la kubana.

Kaka ameniuliza wakili alikuja kufanya nini wiki iliyopita, wakati yeye alidhaniwa amelala. Sijui kudanganya nikitazamwa na mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Nikamwambia yote: maelezo ya dereva, chuma chakavu, msasa. Nikamwambia pia kwamba saini ya kuitoa polisi ni yangu.

Akavuta uzi wa shuka.

"Ulitegemea nini? Umeolewa na fundi. Ungeolewa na mvivu, leo tungekuwa na ushahidi."

"Usinichekeshe, Kaka."

"Sikuchekeshi. Mwenzio anakula?"

Nikasema sijui. Mume wangu amekuwa akilala kwenye benchi la nje ya wodi, mimi chumbani kwangu, na sikuwahi kumuuliza anakula nini.

"Kamuulize. Na huyu dereva, Alhamisi akija, mwache aje."

"Alikuandikia uongo."

"Najua. Lakini mto anaujua."

Nimenunua chakula cha watu wawili. Tumekula kwenye benchi. Mume wangu amesema, "Nilitaka aikute imesimama." Nikamjibu, "Na mimi ndiye niliyekupa."

Alhamisi, 18 Aprili. Mvua kubwa, barabara ya chini imefungwa.

Barua ya bima, mistari sita. Madai yamekataliwa kwa kuwa "chombo cha mdai kimefanyiwa mabadiliko kabla ya ukaguzi." Mstari wa mwisho unanishukuru kwa ushirikiano.

Ijumaa, 19 Aprili. Mvua.

Wakili anasema tunaweza kwenda mahakamani. Nikauliza muda. Akasema mwaka mmoja, wanasheria wa bima wakiwa na huruma. Hawana.

"Daktari amenipa wiki nane," nikamwambia. "Leo tumo kwenye ya saba."

"Mahakama haijui kuhesabu wiki, mama." Alisema kwa upole. Zamani nilidhani anafumba macho kwa uvivu. Leo nimeona ni mtu ambaye ameshaona mwisho wa kesi nyingi.

Jumatatu, 22 Aprili. Mume wangu ameuza mashine ya kuchomelea. Hospitali imesema pesa hiyo haifiki robo ya upasuaji. Kumhamishia kaka kwetu haisaidii, kwetu hakuna daktari wa mifupa.

Jumatano, 24 Aprili. Mvua. Harufu.

Nimejifanya siisikii. Muuguzi alipofungua bandeji, mgonjwa wa kitanda cha kumi na tatu aligeukia ukutani.

Alhamisi, 25 Aprili. Dereva amekuja, amesikia harufu, ametoka nje akatapika kwenye mfereji. Akarudi akakunja mto.

Akaniambia yuko tayari kubadilisha maelezo yake. Nikamkimbiza kwa wakili, viatu vikiwa vimejaa maji. Wakili amemwandika, amesaini. Kisha wakili amenieleza mlangoni kwamba maelezo ya pili yanayopinga ya kwanza, bila pikipiki, yatamfanya dereva aonekane mwongo mara mbili. Atayaweka kwenye faili la mahakama. Huenda mwakani yakasaidia. Dereva aliuliza kama sasa tumeshinda.

Jumatatu, 29 Aprili. Manyunyu. Dereva amefukuzwa kazi.

Alhamisi, 2 Mei. Asubuhi safi, mbingu imeoshwa.

Daktari amekaa kitandani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na leo hakuwa na kalamu. Mfupa umeoza ndani. Sumu ikipanda juu ya goti itaondoka na kaka mzima. Kuukata mguu chini ya goti hakuhitaji barua ya bima, kunafanywa kama dharura.

"Kwa hiyo kuunga kunahitaji barua," kaka akasema, "na kukata ni bure."

"Ndiyo," daktari akasema. "Ndivyo ilivyo."

Kaka akaomba siku tatu. Akazitumia kutazama dari.

Jumatatu, 6 Mei. Jua. Kaka amesaini mwenyewe. Ameniomba niandike tarehe, mwandiko wangu unasomeka.

Jumatano, 8 Mei. Jua. Wamemwingiza saa mbili asubuhi, wamemtoa saa nne na nusu. Mume wangu na mimi tulikaa benchini mikono imeshikana, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Kaka hajafumbua macho hadi jioni.

Alhamisi, 9 Mei. Asubuhi jua, hakuna wingu. Fundi cherehani anasema masika yamekwisha.

Kaka ameamka vizuri, kichwa chepesi. Ameomba maji, kisha akaomba shuka liinuliwe aone. Akaona. Akasema literemshwe.

Mume wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda anahangaika na kofia yake. Niliona macho yake yanapima. Namjua. Hawezi kuona kitu kilichovunjika bila kutafuta pa kuanzia.

"Shemeji," akasema, "breki ya nyuma ni ya mguu wa kulia. Naweza kuihamishia mkononi. Si kazi kubwa. Kebo moja na mpini wa pili. Utaendesha kama zamani."

Kaka alimtazama kwa upendo, nathubutu kuandika hivyo, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyempa zawadi isiyomfaa.

"Najua unaweza, shemeji. Na ngazi? Ngazi utaihamishia wapi?"

Nilimwona mume wangu anatafuta kweli, anapita kichwani boliti kwa boliti, na nikaona alipofika mahali pasipo na boliti. Akakaa chini, kwenye sakafu kavu, akaegemeza kichwa kwenye fremu ya kitanda. Kaka akamwekea mkono kichwani. Dereva aliingia wakati huo na sabuni yake, akatazama shuka pale lilipolala bapa. Hapakuwa na mguu wa kukunjiwa mto. Akabaki ameushika mto kifuani.

Nimetoka kupitia kwa wakili. Kesi imepangiwa kutajwa kwa mara ya kwanza tarehe 17 Februari mwakani, saa tatu asubuhi, jimbo hilihili. Nimeiandika kwenye jedwali, safu ya mwisho. Mkuu wa kazi ametuma ujumbe kwamba nafasi yangu ghalani imepata mtu.

Nimerudi chumbani, nimevua viatu, nimefunga dirisha. Tangu Machi sijalala usingizi mzima, kila mara kulikuwa na hati ya kufuatilia asubuhi. Kesho hakuna.

Saa nane na dakika ishirini mchana. Nalala.